Nyanya Aliuliza, Nami Nikakosa Jibu

Najua wengine wenu mkiona namba katika jarida hili mtafunua ukurasa upesi mkatafute mashairi na vichekesho. Hebu ngojeni kidogo. Nina jambo limenikaa rohoni tangu likizo ya Agosti mwaka jana, na leo nimeamua kulitoa.

Nilikuwa kwa nyanya. Alikuwa amenunua wavu wa waya, mita 40, ili awatengenezee kuku wake ua. Upande mmoja kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe, kwa hivyo wavu ulihitajika pande tatu tu. Mjomba alikuwa ameshika tepu tayari kupima. Nyanya akanigeukia, akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayesoma. Tukate vipi ili kuku wapate nafasi kubwa?"

Nikajikuna kichwa. Nikasema, "Nyanya, hayo bado hatujafundishwa."

Basi mjomba akaamua mwenyewe. Upana mita 5, na urefu wa kufuata ukuta mita 30. Kwa mjomba, kitu kirefu ndicho kikubwa. Eneo likawa mita mraba 150, na kazi ikaisha.

Sasa sikieni aibu yangu. Tulikuwa tumefundishwa! Muhula uleule nilikuwa nimepata alama 17 kwa 20 katika jaribio la milinganyo ya kipeo cha pili. Jibu la nyanya lilikuwa ndani ya daftari langu, na daftari lilikuwa ndani ya sanduku, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Upana tuuite x. Pande mbili za upana zinakula wavu 2x, kwa hivyo urefu unaobaki ni 40 − 2x. Eneo ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x². Sasa kamilisha mraba kama tulivyofunzwa, utapata 200 − 2(x − 10)².

Tazama vizuri hapo. Namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haiwi hasi. Kwa hivyo hiyo 2(x − 10)² kazi yake ni kuipunguza 200 tu, haiwezi kuiongeza hata kidogo. Ukitaka isipunguze kitu, ifanye iwe sufuri, yaani x iwe 10. Upana mita 10, urefu mita 20, eneo mita mraba 200. Wavu ni uleule, bei ni ileile, lakini kuku wangepata mita mraba 50 zaidi. Ukichora grafu yake utaona mlima ambao kilele chake kiko penye (10, 200). Mjomba wangu alisimama penye 5, ubavuni mwa mlima, akadhani amefika juu.

Je, kosa lilikuwa la nani? Mimi nasema kosa ni la jinsi tunavyosoma. Ile kanuni ya kutafuta x tunaiimba kama wimbo wa gwaride, hata tukiamshwa usiku tutaitaja bila kukwama. Lakini uliza darasa zima inatoka wapi, kimya! Sisemi kanuni ni mbaya, la hasha. Kuna milinganyo ambayo vigawo vyake havionekani, na hapo kanuni ndiyo mwokozi. Ila kanuni yenyewe ni mtoto wa kukamilisha mraba. Tumemshika mtoto, mama yake hatumjui.

Chukueni zile hesabu zenye alama ya "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Tuseme nyanya angesema, "Mimi si lazima iwe nafasi kubwa kabisa, bora tu isipungue mita mraba 150." Tungeandika 40x − 2x² ≥ 150. Ukigawa kwa −2, alama inageuka, unapata x² − 20x + 75 ≤ 0, yaani (x − 5)(x − 15) ≤ 0. Hapa ndipo darasa letu lilipozama karibu lote. Wengi wetu tuliandika ati x ≤ 5 na x ≤ 15, mwalimu akatupigia misalaba myekundu, nasi tukamnung'unikia. Jamani, hebu jaribuni x iwe 1. Upana mita 1, urefu mita 38, eneo ni mita mraba 38 tu! Huo ni ua au ni mfereji?

Rudi kwenye mraba wetu. 200 − 2(x − 10)² ≥ 150 ni sawa na kusema (x − 10)² ≤ 25. Kwa Kiswahili cha kawaida: x isiende mbali na 10 kwa zaidi ya 5. Basi x ni kuanzia 5 hadi 15. Mtu akishaisikia hivyo, atakosea vipi tena?

Na duara je? Mwaka huohuo tulipewa x² + y² − 6x − 8y + 9 = 0, tukaambiwa tuchore. Kuna waliotoka wakanywe maji wasirudi. Lakini ni mraba uleule, safari hii unakamilishwa mara mbili: (x − 3)² + (y − 4)² = 16. Hapo mimi namwona mbuzi wa nyanya. Kigingi kimepigwa penye (3, 4), na kamba ina urefu wa mita 4. Njia anayopita mbuzi akiivuta kamba hadi mwisho ndiyo duara lenyewe. Kama mhimili wa x ndio mpaka wa sukuma wiki, mbuzi ataugusa mahali pamoja tu, penye (3, 0). Na kama ndoo ya maji iko penye (0, 0), hapo ni mita 5 kutoka kwenye kigingi, basi maskini atalala na kiu. Shingo yake nimeihesabu ndani ya kamba, msinicheke.

Mnaona? Mambo matatu tuliyofundishwa kama wageni watatu wasiojuana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Wengine watauliza, haya yanahusiana nini na Chama cha Kiswahili? Yanahusiana sana. Al-Khwarizmi, yule mtaalamu wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra, hakuandika x hata moja. Alieleza kila kitu kwa maneno, kwa Kiarabu. Swali lake moja maarufu sisi leo tungeliandika x² + 10x = 39. Yeye alichora mraba, akauongezea vipande ubavuni, akaona pembe moja imepungua. Akaijaza kwa 25, mraba ukatimia 64. Upande wake ni 8, toa 5, jibu 3. Ikiwa aljebra ilianza kwa maneno na mchoro, kwa nini sisi tuogope kuieleza kwa lugha tunayoiota usiku?

Nasikia mtu akisema, "Kwani mtihani utaujibu kwa Kiswahili?" Sitaujibu kwa Kiswahili. Lakini kuelewa hakuna sare ya shule. Nikishaelewa kwa Kiswahili, kuandika kwa Kiingereza ni kazi ya mkono tu.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, chama chetu kitenge mkutano mmoja kila mwezi, mwanachama asimame ubaoni aeleze swali moja la hesabu kwa Kiswahili sanifu, na mchoro juu. Pili, walimu wetu wa hesabu, tunajua silabasi ni ndefu na muda ni mfupi, lakini kabla ya kutupa kanuni tuchoreeni, halafu mtuulize, "Hii maana yake nini?"

Likizo ya Aprili nilirudi kwa nyanya. Wavu ulikuwa umeshapigiliwa misumari kwenye nguzo. Nikachukua kijiti nikamchorea chini, nikamweleza yote kuhusu 10 na 20 mpaka mwisho. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo siku ile ulikuwa unajua?"

Nilikosa la kumjibu mara ya pili. Wenzangu, yasiwapate.

Mwanachama, Kidato cha Nne