SINDANO YA DUKANI NA MGUU WA MFANYA KAZI



Kwetu Kianjokoma, Embu, ni baridi na mashamba ya chai. Sisi wa reli tuliozaliwa huko, malaria twaipata kazini, Kisumu au Voi, kisha twarudi nayo nyumbani wakati wa likizo. Hapo mtu hukimbilia dukani akisema, "Nichome sindano, kesho kutwa niwe kazini." Desturi hii twaikataa, na sababu tunazo.

Ndani ya tako hupita mshipa mkubwa wa fahamu, ushukao mguuni mpaka wayo. Sindano ikiuchoma, au dawa kali ikiingia karibu nao, mguu waweza kupooza: wayo hauinuki, vidole vyaburura chini. Mwaka 1999 madaktari wa Mulago, Kampala, waliandika habari za watoto waliopooza hivyo baada ya kuchomwa kwinini matakoni. Wazazi wao walitaka kuwaponya malaria tu.

Wako wasemao sindano ina nguvu kuliko vidonge. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge, mradi uvimalize vyote. Malaria kali ni ya hospitali, na tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lashauri artesuneti mahali pa kwinini, kwa wakubwa na watoto. Ikibidi dawa hiyo ichomwe katika nyama, mahali pake ni paja upande wa mbele, si tako.

Twajua kinachowasukuma wenzetu ni hofu ya kukosa kazi. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi wa Kenya aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Muuza duka hana cheti hicho. Na mtu wa gengi asiyeinua wayo atatembeaje juu ya mataruma?

Basi yatupasa tupimwe damu kabla ya dawa. Tumwulize mwenye sindano amesomea wapi kazi hiyo, na atachoma mahali gani. Ukisikia maumivu kama moto yakishuka mguuni, sema hapo hapo sindano itolewe, kisha uende hospitali siku ile ile.

Na wajumbe wa matawi wasimame na kila mwanachama anyimwaye siku zake za ugonjwa. Siku 7 kitandani ni afadhali kuliko mkongojo wa maisha.