Muziki nyumba nzima bila kuuza ngalawa

Haya wadau, swali limerudi tena: nitasikiaje wimbo ule ule sebuleni, jikoni na barazani? Msimamo wangu ni huu: usinunue spika za bei mbaya za kila chumba. Tumia Snapcast, programu huria ya bure, na makorokoro uliyonayo.

Kompyuta moja yenye Linux inakuwa seva. Simu kuukuu ya Android, au Raspberry Pi, unaichomeka kwenye redio ya kila chumba. (Pi Zero haina tundu la hedifoni, ongeza kadi ya sauti ya USB.) Kazi ngumu si kupeleka sauti, ni kuifikisha kwa wakati mmoja. Jikoni ikichelewa robo sekunde, nyumba inalia mwangwi kama mapango yetu ya Shimoni. Snapcast hulinganisha saa ya kila kifaa na ya seva, basi mwangwi unaisha.

Intaneti haihitajiki, mradi nyimbo ziko kwenye diski yako. Tabu yetu huku ni kuta za mawe ya matumbawe, zinameza WiFi. Mimi nilitoboa ukuta nikapitisha waya. Mama alinuna mpaka aliposikia taarabu jikoni.

Anayesema cha dukani ndicho hudumu, akumbuke Squeezebox: Logitech iliacha kuitengeneza 2012. Programu yake ya seva ilikuwa huria, na bado inaendelezwa kwa jina la Lyrion.

Ila plagi zipanguseni, jamani. Chumvi ya bahari inazila.