Andika prio, usiiachie kerneli ikuchagulie

Nimechoka na skripti za kunakili na kubandika. Juzi niliitwa kwenye ofisi moja hapa Nairobi ambako simu za intaneti zilikuwa zinakatika kila mtu akianza kupakua faili kubwa. Fundi aliyenitangulia alikuwa amewapa dawa tayari: nunueni laini kubwa zaidi. Walikuwa karibu kulipa.

Nikaingia kwenye ruta yao, kompyuta kuukuu ya Linux yenye HTB, nikaandika:

tc -s class show dev eth1

Tabaka la simu, 1:10, lilikuwa limepitisha baiti 0. Sifuri, tangu mashine iwashwe!

Skripti yenyewe ukiisoma ni safi. Kichujio cha simu juu, kinafuata cha SSH, kisha cha DNS, na chini kabisa kile cha kuzoa mabaki, match ip dst 0.0.0.0/0, kwenda 1:30. Ila hakuna mstari hata mmoja wenye prio.

Sasa jamani, nambari ndogo ndiyo husomwa kwanza, na kichujio cha kwanza kulingana na pakiti ndicho huamua. Usipotaja nambari, kerneli inajitolea yake: kichujio cha kwanza kinapata 49152, kinachofuata 49151, halafu 49150, hivyo hivyo kushuka. Yaani ulichoandika mwisho ndicho kinachosomwa kwanza. Kile cha mabaki kilikuwa kimesimama mlangoni kikizoa kila kitu, simu zikiwemo.

Kuna watakaosema, basi geuza mistari, cha mabaki kiwe juu. Hapana! Kesho mwenzako ataongeza mstari mmoja chini, na mpangilio wote utakuwa umebadilika bila yeye kujua. Wengine watasema prio wameweka. Wameiweka kwenye tabaka la HTB, ambako kazi yake ni kuamua nani apewe kwanza bandiwidhi iliyobaki. Ya kichujio ni nyingine kabisa, na ukiorodhesha vichujio, tc hiyo hiyo inaiita pref. (Hapo nawalaumu walioibuni.)

Andika nambari kwa kuruka kumi kumi: 10, 20, 30, ili upate nafasi ya kuchomeka kitu katikati. IPv6 ipe nambari zake, kwa sababu nambari moja haikubali protokali mbili. Na ukifuta, taja prio, la sivyo tc filter del inaondoa vichujio vyote vya mzazi huyo. Hicho cha mabaki hata hukihitaji, weka default 30 kwenye HTB yenyewe.

Pale ofisini nilifuta mstari mmoja, nikaweka nambari kwenye mitatu, na neno default juu. Laini ni ile ile ya megabiti 20. Baiti za 1:10 zilianza kupanda simu ya kwanza ilipoingia, na ankara ya laini kubwa ikarudi kwenye droo.