Jipu ndani ya pafu

Jipu la mguuni kila mtu analijua. Liko lingine lisiloonekana kwa macho, nalo hukaa ndani ya pafu. Mgonjwa hushikwa na homa, hutoka jasho usiku, hukonda. Kisha jipu hupasukia katika njia ya pumzi, naye hukohoa usaha mwingi, pengine wenye damu, unaonuka vibaya hata jamaa zake humhamisha chumba. Hawa husema ni kifua kikuu, wale husema amelogwa.

Asili yake mara nyingi ni kinywa. Katika meno yaliyooza hukaa vijidudu vingi. Mtu aliye macho, mate yakimpalia, hukohoa akayatoa. Bali aliyeanguka kifafa, au aliyelewa hata kupoteza fahamu, hakohoi. Mate na matapishi humshukia mapafuni. (Kwa hiyo mtu wa namna hiyo asilazwe chali, alazwe ubavu.) Pafu la kulia ndilo huumia zaidi, kwa maana njia yake ya pumzi ni pana na imenyooka kuliko ya kushoto. Kwa mtoto, karanga moja iliyompalia yaweza kutosha.

Daktari hupiga picha ya mionzi, na humo huona shimo: chini usaha, juu hewa, katikati mstari ulionyooka kama uso wa maji mtungini. Lakini kifua kikuu nacho huchimba mashimo pafuni; basi lazima makohozi yapimwe, wala tusikasirike tukiambiwa kuleta mengine.

Kabla ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, yapata theluthi moja ya wagonjwa hao walikufa. Leo walio wengi hupona kwa dawa za kuua vijidudu, pasipo kupasuliwa. Ila dawa hizo hutumiwa kwa majuma, si kwa siku: mara nyingi 3 hata 6, pengine zaidi, mpaka picha ionyeshe shimo limefunga au limebaki kovu dogo. Homa hushuka mapema kuliko hapo. Mgonjwa hula, hucheka, na vidonge vilivyosalia tunampa jirani mwenye kikohozi! Jirani haponi, na usaha uliosalia pafuni huanza upya.

Tena, mgonjwa akipata nafuu aonyeshe meno yake kwa mganga wa meno, mabovu yatibiwe au yang'olewe.