Manchester Imo Shambani Mwa Mella

Mwanafunzi wa Tororo au Busia hukaririshwa mashine za Manchester na taabu za watoto wa migodini Uingereza. Si vibaya. Lakini ni nani aliyemwambia kwamba babu yake naye alikuwamo katika kisa hicho hicho? Mwaka 1902 wenye viwanda wa Lancashire waliunda chama cha kutafuta pamba makoloni. Mwaka uliofuata mbegu zikaingia Uganda. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa katika pamba. Mkulima wa huku akagawa siku zake kati ya wimbi na zao asiloweza kulila.

Reli ikapita Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Baadaye kikaja kiwanda cha saruji. Ng'ambo ya mpaka, kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya usimamizi kwa sababu ya madeni. Aliyeng'oa mihogo akapanda miwa alibaki na nini?

Wenzetu hujitetea kwamba vitabu havipo, na kwamba kumbukumbu za wazee haziaminiki. Je, taarifa ya mkoloni iliyohesabu marobota pasipo kuhesabu njaa, hiyo yaaminika? Wapelekeni wanafunzi Mella wakaulize: baba alipokwenda kiwandani, nani alishika jembe? Mshahara ulinunua nini? Mama aliongezewa kazi gani, na nani alimlipa?