Kwani unajiona Makmende?

Kama ulikulia Buruburu, Umoja, Dandora ama Kayole, pengine unalijua hili swali. Kama umezaliwa juzi, muulize bro wako mkubwa. Ukiruka kutoka juu ya ukuta na leso ya mathe shingoni, uliulizwa. Ukitaka kupigana na majamaa watatu waliokuzidi miaka, uliulizwa: "Kwani unajiona Makmende?" Hukuwa unasifiwa. Ulikuwa unaambiwa uteremke, wewe ni mtu kama sisi.

Jina lenyewe inasemekana limetoka kwa Clint Eastwood. Kwenye filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983 anamwambia jambazi "make my day", na watoto wa Nairobi wakasikia Makmende.

Machi 2010, Just A Band wakampa Makmende mwili. Katika video ya wimbo wao Ha-He, Kevin Maina alitokea na afro na kitambaa kichwani, akitandika wahuni kama kwenye zile muvi za miaka ya 1970. Ndani ya siku chache vichekesho vya Makmende vilijaa Facebook na Twitter. Ukurasa wake wa Wikipedia ulifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa. Hadi CNN wakamtaja. Hatimaye tulikuwa na supahiro wetu, mtu wa nyama na damu, si katuni. Wengi tulingoja kipindi cha runinga. Hakikuja. Video moja, dakika chache, stori ikaisha.

Tunaweza kulilia hicho kipindi, lakini tulichopoteza zaidi ni lile swali.

Miaka michache baadaye Eastlands ilipata "shujaa" mwingine. Akaunti za Facebook zenye jina Hessy, hii ya Kayole, ile ya Dandora, zilizoaminika kuendeshwa na polisi, zilianza kuweka picha za vijana na kuwaonya kwamba siku zao zinahesabika. Kisha zikafuata picha za maiti. Hakuna mashtaka, hakuna hakimu, hakuna wakili. Na sisi? Wengi tulibonyeza like tukaandika "kazi safi".

Tunaelewa hasira hiyo. Ukishaporwa simu kwa kisu ukitoka job usiku, unatamani mtu atokee awatandike. Lakini supahiro wa muvi hakosei, kwa sababu aliyeandika skripti ameshaamua mhuni ni nani. Mtaani hakuna skripti. Kuna picha moja, jina la utani, na mtu mwenye bunduki aliyeamua peke yake. Akikosea, hakuna rufaa ya kumrudisha mtoto wa mtu.

Mwaka 2017, vijana wa Mathare Social Justice Centre walitoa ripoti kuhusu mauaji yanayofanywa na polisi mtaani mwao. Waliiita Who Is Next?, yaani ni nani anafuata. Jiulize hilo pia. Huenda ni wewe, uliyesimama base na jamaa asiye sahihi, ama mwenye rasta zinazofanana na za mwingine.

Mwizi akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Hiyo tunaidai, na tuidai kwa sauti, kwa sababu kesi zinazokwama ndizo zinazowapa akina Hessy mashabiki.

Na kama una simu yenye kamera nzuri, beshte wawili na wazo la kumrudisha Makmende, mrudishe. Tutaangalia kila epizodi. Ila mrudishe pamoja na swali lake. Halafu siku utakapoona picha ya kijana amewekewa alama ya kifo, kabla kidole hakijagusa like, andika hapo chini lile swali tulilorushiwa tukiwa wadogo: "Kwani unajiona Makmende?"