Kiongozi Aliyezoea Kuulizwa

Mwalimu wa sheria hana pa kujificha darasani. Akisema sheria inakataza jambo fulani, mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa huinua mkono na kuuliza: kifungu gani? Asipokijua, aibu ni yake. Akikijua, ataulizwa tena mbona mahakama iliwahi kuamua vingine. Kazi hiyo Profesa Kivutha Kibwana aliifanya katika Chuo Kikuu cha Nairobi hata akawa mkuu wa kitivo cha sheria. Nataka tuitazame safari yake, maana naamini alitoka nayo darasani tabia ambayo wawakilishi wetu wa wadi, wabunge na magavana wanaihitaji kuliko magari na walinzi: tabia ya kukubali kuulizwa.

Mwaka 1997 alikuwa mstari wa mbele katika NCEC, vuguvugu lililodai sheria za ukandamizaji ziondolewe kabla ya uchaguzi. Mwaka 2002 akawa mbunge wa Makueni, kisha waziri katika serikali ya Mwai Kibaki. Mwaka 2007 wapiga kura wakamwangusha. Baadaye akawa mshauri wa rais kuhusu katiba, na mwaka 2013, kaunti zilipoanza, watu wa Makueni wakamchagua gavana wao wa kwanza.

Hapo ndipo mwalimu alipoonekana. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo yao, lakini sote twajua jinsi kaunti nyingi zinavyotimiza agizo hilo: hema moja mjini, soda, orodha ya mahudhurio, basi. Makueni walianzia kijijini, na vijiji vyao ni zaidi ya 3,000. Wanakijiji hukaa, wakabishana kama watangulize bwawa au zahanati, wakachagua wa kuwasemea ngazi inayofuata, na hoja ikapanda hivyo hadi kaunti. Mradi ukianza, wakazi huchagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi hutegemea sahihi ya kamati hiyo ili alipwe. Fikiri, ndugu yangu: mama anayeuza mboga sokoni ana kalamu ambayo mkandarasi anaiogopa! Chini ya uongozi huo huo, mwaka 2016 kaunti ilianzisha mpango wa afya wa MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti.

Haikuwa rahisi. Gavana na bunge la kaunti waligombana vikali juu ya bajeti, na Septemba 2014 risasi zikalia katika majengo ya bunge hilo, watu wakajeruhiwa. Wananchi walitia saini ombi la kutaka serikali ya kaunti isimamishwe kwa mujibu wa kifungu cha 192 cha Katiba. Ombi kama hilo likikubaliwa, uchaguzi hurudiwa kwa wote, wawakilishi na gavana pia. Kibwana alijua hayo vizuri, na bado aliliunga mkono. Tume iliundwa na ikapendekeza kusimamishwa. Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mimi nasema kitendo kile cha kuweka kiti chake mezani pamoja na viti vya wapinzani wake kina uzito zaidi kuliko hotuba mia za uwajibikaji. Mwaka 2017 wananchi wakamrudisha.

Nawaambia mnaotaka uwakilishi wa wadi na ubunge, na ninyi mlio tayari kwenye viti hivyo: jifunzeni kusimama mbele ya watu wenye haki ya kuwakatiza. Acheni kumwita adui kila anayeuliza fedha zimekwenda wapi. Mkishindwa kumjibu mkulima wa maembe kwa lugha anayoielewa, basi jambo lenyewe hamjalielewa, au mnalificha. Na muda wenu ukiisha, msione haya kwenda vyuoni kufundisha. Vijana wanaosoma sheria ya serikali za kaunti wanahitaji mtu aliyewahi kukaa na bajeti usiku kucha akijua kisima kipi kitakatwa.

Nasi wananchi tusijiondoe lawamani. Kiongozi huzoea kuulizwa pale wanapokuwapo waulizaji. Wangapi kati yetu huenda barazani kusubiri nauli ya kurudia nyumbani, kisha tukalalamika kwa miaka mitano? Watu wa Makueni hawakumwogopa profesa wao hata kidogo. Mwaka 2022 alipoomba useneta walimpa Dan Maanzo, ingawa Kibwana alikuwa amewatumikia miaka tisa akiwa gavana. Waliokuwa wamefundishwa kuuliza waliamua wenyewe, kama walivyoamua juu ya mabwawa na zahanati zao.

Basi mwakilishi wako wa wadi atakapoitisha mkutano, nenda. Beba daftari. Muulize barabara ya kwenu iko ukurasa gani wa bajeti, imetengewa shilingi ngapi, na nani atatia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa. Asipojua leo, muulize tena wiki ijayo.